Ile Shaba Haikukunjwa na Nyundo

Vijana wa atelier, karakana yetu, mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, tena mkaniambia, "Maman, utuandikie vizuri, mambo ya kutia moyo." Mambo ya kutia moyo muulizeni padri. Mimi nimefanya kazi ya umeme hapa Bukavu toka nikiwa msichana hadi mgongo ulipokataa, na kilichobaki kifuani mwangu ni hasira. Nitaiandika ilivyo. Habari za vyeo sisemi. Vyeo vilinipita kama taksi-moto wakati wa mvua, vikanirushia matope. Na jina la société yetu, kampuni ya umeme, silitaji, maana nyote mnalijua na mimi pension yangu bado naihitaji.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa suruali ya kazi aliyonishonea mama yangu, kwa sababu zile za société zote zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha wanaume. Chef wa siku hiyo, mkubwa wa zamu, akanitazama, akatazama karatasi yangu ya shule ya ufundi, akaniuliza kama najua kupika sombe. Nikamjibu kwamba najua, ila sioni chungu humu ndani. Wote wakacheka isipokuwa yeye. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeshapewa jina la Maman Disjoncteur. Disjoncteur ni kile chombo kinachokata umeme papo hapo mambo yakizidi, na walikuwa wameona kwamba mimi nakata upesi. Mpaka leo kuna watu wananiita hivyo kanisani.

Aliyekubali kunichukua ni Muzee Cirhuza, mtu wa upande wa Kavumu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Yeye ndiye aliyesimamia kabini zote za mji. Kabini ni kile kijumba cha matofali chenye mlango wa chuma na picha ya fuvu la kichwa, ambacho wauza ndizi hukiegemea bila kujua kilichomo. Ndani mna transfo, mashine inayopunguza nguvu ya umeme kabla haujaingia majumbani. Kutoka kwenye transfo umeme unapita juu ya fito tatu za shaba, ndefu kuliko mtu, nene kama kidole, zimepangwa sambamba hadi kwenye ubao wa kuugawa kwa mitaa. Kwa Kifaransa zinaitwa barre. Asubuhi ile Muzee alinisimamisha mbele yake, mikono yangu mgongoni kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Usiguse kitu. Sikiliza tu. Unasikia?"

Nilisikia mlio, mmmm, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Ni umeme," nikamwambia.

"Umeme haina mudomo, mwana wani. Ni hizi barre. Ziko nasukumana."

Nikadhani ananitania kwa sababu mimi ni mgeni. Akanipeleka uani, kwenye lori bovu ambalo betri yake ilikuwa bado nzima. Akatoa mfukoni pakiti ya sigara, akachomoa ile karatasi ya fedha ya ndani, akakata mikanda miwili myembamba. Akaining'iniza sambamba, karibu karibu bila kugusana, akaiunganisha hivi kwamba umeme upande kwenye yote miwili pamoja. Akagusa betri mara moja, chap! Mikanda ikarukiana kama watu waliopotezana miaka. Kisha akabadilisha kiungo kimoja, ili umeme upande huku na kushuka kule. Akagusa tena. Safari hii ikakimbiana.

"Nani alizisukuma? Upepo?"

Nikainama kuitazama. Shuleni nilikuwa nimeandika sheria hiyo ubaoni na kupata pointi zote, lakini sikuwa nimewahi kuiona ikitembea.

"Umeme zikienda njia moja, waya zinavutana. Zikipishana, zinafukuzana. Njo vile tu, haina uchawi. Na ukiongeza umeme mara kumi, nguvu haiongezeke mara kumi. Inakuwa mara mia. Ukizisogeza karibu, inazidi tena. Kama uko nasahau yote, hii usisahau."

Sikusahau, Muzee. Mungu akulaze pema.

Kwa hiyo mjue, ninyi mnaoingia kabini na simu sikioni: siku za kawaida nguvu ile ni ndogo, inatosha kuzifanya fito ziimbe na basi. Lakini nguzo ikianguka Kadutu kwa sababu kilima kimeteleza, waya zikagusana, umeme wote wa transfo unakimbilia huko kwa mara moja. Hiyo ndiyo court-circuit. Kabla disjoncteur haijakata, muda usiofika hata wa kupepesa jicho, unaokwenda kwenye ufito huu unarudi kwenye ule, na fito zinapigana mateke ya ng'ombe. Ndiyo maana zinafungwa kwa vishikizo vigumu, kila baada ya hatua fupi, kwa bolti. Muzee alivichonga mwenyewe kwa mti mgumu. Alivikausha juu ya jiko la mke wake hadi mke akaja kulalamika atelier, kisha akavichemsha ndani ya mafuta ya transfo mpaka viache kutoa mapovu. Kishikizo kilichopasuka alikitupa siku hiyo hiyo, hata kama ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Nilimwona mara moja akimkuta fundi anafunga ufito kwa kamba ya nailoni. Akaikata kwa kisu, akamrudishia mkononi. "Kamba yenye kuvutika, funga nayo mbuzi yako."

Muzee alipokwenda kupumzika, tukaingia katika zama za kaushu.

Nani hapa Bukavu asiyejua kaushu? Ile mikanda inayokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Tunafunga nayo bidoni za maji juu ya baiskeli, godoro juu ya pikipiki, mbao juu ya paa, kioo cha gari kilichong'oka, mguu wa kiti cha baba mkwe. Sikatai, kaushu imeubeba mji huu. Kama ingekuwa mtu, tungeichagua kuwa gouverneur. Lakini kila kitu na mahali pake, na mahali pa kaushu si juu ya shaba yenye umeme.

Ilianza hivi. Katika kabini moja karibu na soko vishikizo vilikuwa vimepasuka. Tukaomba vipya, havikuja. Tukaomba mbao ngumu tuchonge wenyewe, wakasema mbao si kazi ya idara yetu. Fundi mmoja akachoka, akafunga kwa kaushu, akaizungusha vizuri mpaka ikapendeza macho. Ingénieur wetu, mhandisi wa société, akaja kukagua. Huyu Ingénieur alikuwa kijana aliyesoma sana, mwenye shati safi na sauti ya upole. Akatikisa ufito kwa fimbo kavu, haukusogea.

"C'est provisoire," akasema, yaani ni ya muda tu.

Neno hilo ndilo limejenga nchi hii, kuanzia madaraja mpaka wakubwa wenyewe.

"Ingénieur, hii inavutika," nikamwambia.

"Maman, si unaona inashika?"

Ilishika, ndiyo. Ilishika kwa sababu hakuna aliyekuwa ameivuta. Mvua zikaja zikaenda, kaushu ikawa desturi, na vijana wakafundishwa kwamba ndivyo kazi inavyofanyika. Mimi nilipiga kelele hadi wakaniambia nina roho ya zamani.

Sasa niwaambie habari ya Papa Bahati, kwa maana kwa ajili yake ndiyo nimeshika kalamu.

Bahati alikuwa mlinzi wa kabini ile ya soko, sentinelle kama tunavyosema. Mtu mwembamba, mtaratibu, anayesalimia hata mbwa. Alikuwa na kibanda chake cha mabati ubavuni mwa kabini, na ufunguo wa mlango alipewa yeye, maana ikitokea moshi yeye ndiye wa kwanza kutazama. Mke wake, Maman Zawadi, alikuwa mvunja mawe. Anakaa kando ya barabara na nyundo, anapasua mawe makubwa kuwa kokoto, anawauzia wajenzi. Nyundo yake ikilegea mpini, mumewe anaitengeneza kazini mchana, wakati hakuna la kufanya. Jambo dogo la nyumbani, kila mtu sokoni alilijua.

Mchana huo mvua ilikuja kutoka upande wa ziwa, mvua yenye hasira. Kule juu kuta za nyumba mbili zikaporomoka zikaiangusha nguzo. Tulikuwa atelier. Tuliona taa zikififia mara moja, halafu giza, na kutoka sokoni ukasikika mlipuko. Tukapanda gari. Tulipofika, Bahati alikuwa amesimama nje kwenye mvua, nyusi zimeungua. Alikuwa kibandani anagonga mpini wa nyundo, akasikia pwaa!, akafungua mlango wa kabini, moshi na moto wa buluu vikamrukia usoni. Akamwaga mchanga, kama tulivyomfundisha, akatoka. Nyundo alikuwa bado ameishika mkononi, hata hakujua.

Nikaingia na taa yangu. Zile kaushu zilikuwa zimekatika zote, nyingine zimeyeyuka zinanuka. Fito mbili za pembeni zilikuwa zimekunjika kwenda nje, upinde mpana, laini, mmoja huku na mmoja kule, na ule wa kati umetikiswa mpaka ukavunja kishikilio chake cha porseleni. Zilipofukuzana zilirudi zikagongana, ndipo moto ukawaka, na kipande cha shaba kikakatika kikarukia karibu na mlango. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale, kama mtu ana macho ya kusoma. Nilimsikia Muzee masikioni.

Akaja chef wa usalama wa société, mwanajeshi wa zamani, na nyuma yake polisi wawili. Akatazama shaba iliyokunjwa, akatazama kipande karibu na mlango, akatazama nyundo.

"Moyibi ye wana," akasema kwa Kilingala. Mwizi ndiye huyo.

"Mwizi gani?" nikamuuliza. "Ona hii shaba. Nyundo inaacha kidonda. Kidonda iko wapi? Imekunjwa laini tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mutu atagonga barre na nyundo ya chuma, umeme iko ndani? Angekuwa maiti!"

"Alizima kwanza."

"Alizima kwanza, halafu moto ikatoka wapi? Kwa jiko?"

Akanicheka. "Maman, miaka yako yote hii, ulishaonaka umeme inapiga ngumi?"

"Ndiyo! Njo hii uko naangalia!"

Aka! Ni kama nilisema na ukuta. Wakampandisha Bahati nyuma ya pickup, wakamwekea kile kipande cha shaba juu ya mapaja, na gari likapita katikati ya soko polepole, kwa makusudi, ili watu waone. Mvua ilikuwa imekatika, na akina mama walikuwa wanafunua tena meza zao. Wakaona. Kuna aliyepiga kelele "Papa Cuivre!", yaani Baba Shaba, na soko zima likaangua kicheko. Bahati alikuwa anasema, "Miye sikuiba, miye sikuiba," na hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi niliyekuwa nakimbia nyuma ya gari kama mwehu, na suruali yangu imelowa.

Asubuhi nilikwenda kwa Ingénieur. Sikubisha hodi.

Na hapa, vijana, msidhani nitawaambia kwamba msomi hakujua na mimi nikamfundisha. Laiti ingekuwa hivyo! Asiyejua anasamehewa. Ingénieur alifunga mlango, akakaa, akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Maman, jana nilichungulia mlangoni nikaziona zile barre, hata hujamaliza kuongea na wale watu. Ni forces électrodynamiques. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona."

"Sasa si useme!"

"Nikisema, wataniuliza vishikizo vilikuwa wapi. Nikisema kaushu, wataniuliza nani alikubali kaushu. Mimi nina familia."

"Na Bahati ana nini? Ana mbuzi?"

Akatazama dirishani. "Tungoje kidogo. Mambo yatatulia."

Nyamuzinda, Mungu wangu! Mtu yuko ndani ya cachot, analala juu ya saruji pamoja na wezi wa kweli, mke wake anamletea fufu na wanamrudishia nusu ya sahani, na huyu anangoja mambo yatulie kama mtu anayengoja maziwa yapoe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakufanya kazi kwetu. Kwetu ile njia waliitia lami, goudron kabisa, na taa za barabarani. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mjukuu wangu ndiye anayenipigia chapa.

Nikarudi atelier nikawaambia mafundi wote. Siku hiyo tulifanya jambo moja tu, ambalo najivunia kuliko kazi zangu zote: tuliweka vifaa chini. Hakuna hata mmoja atakayeinyoosha shaba ile mpaka Bahati atoke. Tulikaa juu ya makreti uani, tukala sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Mtaa wa soko ukabaki gizani. Mashine za kusaga mihogo zikalala. Siku ya kwanza wenye mashine walinung'unika, siku ya pili wakaandamana, akina mama wenye mabeseni vichwani, mpaka kwenye mlango wa direction, ofisi ya wakubwa. Jioni ile ile Bahati akaachiliwa.

Sikieni vizuri. Hakuachiliwa kwa ajili ya haki, aliachiliwa kwa ajili ya unga. Kwenye karatasi waliandika "kwa kukosa ushahidi." Kana kwamba aliiba ila alijua kuficha.

Tulizinyoosha zile fito tukazirudisha, na safari hii mbao tulizitafuta wenyewe, tukazichonga, tukazichemsha kwenye mafuta mpaka ua mzima ukanuka. Mlizozikuta katika kabini ile ndizo hizo. Msithubutu kuzibadilisha kwa kaushu, nitafufuka.

Direction ikaitisha mkusanyiko mbele ya kabini, kutuliza roho za watu. Wafanyakazi tulikuwepo, na akina mama wa soko, na Bahati mwenyewe katika shati la Jumapili, nyusi zake hazijaota bado. Ingénieur akapewa nafasi ya kueleza. Akaeleza kwa Kifaransa. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake: mikondo, nguvu, mraba wa mkondo, yote sawasawa. Hakutaja kaushu. Hakutaja Bahati. Watu walipiga makofi kwa sababu alipumzika, wakadhani amemaliza.

Bahati akainua mkono.

"Ingénieur, asante. Lakini hapa batu hawajui ile Kifaransa. Sema mu Kiswahili."

Ingénieur akatabasamu. "Papa Bahati, hii ni maneno ya technique. Haina Kiswahili yake."

Nilisikia damu inanipanda. Haina Kiswahili? Mimi nilijifunza haya kwa Kiswahili, uani, kwa pakiti ya sigara, kutoka kwa mzee ambaye akikosa neno la Kiswahili alitia la Mashi, lugha ya kwao, na kazi ikaendelea! Nilifungua mdomo, lakini Bahati alinitangulia, taratibu, bila kelele.

"Maneno ya technique, uache. Sema tu: Bahati hakuiba. Ile Kiswahili yake iko."

Soko lote lilimgeukia Ingénieur. Hata mwenye kukaanga mandazi aliacha. Ingénieur alitazama saa yake, akasema kwa Kifaransa kwamba anangojwa kwenye mkutano, akaingia ndani ya jeep. Vumbi lake ndilo lililojibu.

Miaka yote iliyofuata Bahati aliendelea kulinda kabini ile ile. Kazi yake hawakumnyima, jina lake ndilo walilolichukua. Watoto waliozaliwa baada ya ile mvua walimwita Papa Cuivre wakidhani ndilo jina alilobatizwa. Watu wa Minova waliokuja kuposa binti yake walikaa, wakanywa soda, wakaenda kuuliza mitaani, na hawakurudi. Baadaye binti huyo, Zawadi, aliolewa, ndiyo, lakini mbali, ambako hawamjui baba yake. Mimi nilimweleza kila aliyetaka kusikia na wengi wasiotaka. Nilieleza sokoni, nilieleza kwenye foleni ya maji, nilionyesha kwa mikono yangu fito zinavyofukuzana. Walikuwa wananisikiliza kwa heshima, halafu wananiuliza, "Sasa maman, kama ni kweli, juu ya nini bakubwa hawasemi?" Na mimi swali hilo nililijibu kwa matusi.

Bahati mwenyewe hakutukana. Kila Ingénieur alipopita kabini, na alipita akizidi kunenepa na kupanda, Bahati alivua kofia akamuuliza, "Ingénieur, ile neno langu?" Naye akajibu, "Tutaona, papa, tutaona." Kuna siku nilimuuliza Bahati kwa nini anajidhalilisha hivyo. Akaniambia, "Maman Disjoncteur, weye ukisema, batu banasema ni rafiki ya Bahati. Miye nikisema, banasema ni mwizi. Yeye peke yake njo anaweza." Na ni kweli, ndiyo maana inauma. Ukweli wote tulikuwa nao sisi, lakini mdomo wa kuaminiwa alikuwa nao yeye.

Mwaka huu, mimi nikiwa nimeshapumzika nyumbani, Bahati aliugua kifua, akafa.

Kilio kilikuwa kwake, pale juu Kadutu. Walitandaza turubai juu ya uwanja, kwaya ya parokia ikaja na ngoma zake, na soko zima likapanda kilima, maana watu wetu wakikucheka ukiwa hai hawakosi kukulilia. Maman Zawadi alikaa kwenye mkeka karibu na sanduku la marehemu, na ile mikono yake iliyopasuka kwa mawe ameiweka juu ya mapaja. Saa ya maneno ilipofika, gari jeusi likasimama chini. Akashuka Ingénieur, sasa mkubwa wa wakubwa, na shada la maua ambalo dereva wake alilibeba. Akaomba kipaza sauti.

Alizungumza Kiswahili. Kiswahili kizuri, cha nyumbani, hata hakujikwaa.

"Ndugu zangu, nataka niseme mbele yenu wote. Papa Bahati hakuiba. Ile shaba ilikunjwa na umeme siku nguzo ilipoanguka. Nyundo haikuigusa. Kosa lilikuwa la kwetu, tulifunga na kaushu. Alikuwa mtu mwaminifu mpaka mwisho."

Chini ya turubai watu walivuta pumzi pamoja. Kuna mama mmoja wa soko aliyejifunika uso kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshika ngumi, nina maneno ya miaka yote yamenijaa mdomoni, na sikujua kama nitayatoa kwa kilio au kwa kelele. Maman Zawadi akanishika upindo wa kitenge, akanivuta nikae. Kisha akainuka yeye.

"Asante, Ingénieur. Batu bote banasikia," akasema. "Sasa sogea pale kwa sanduku, umuambie yeye. Njo yeye alikuuliza."

Ingénieur akampa dereva kipaza sauti. Akasogea. Akasimama mbele ya sanduku na mikono yake mitupu, mdomo ukafunguka, ukafungwa. Kiongozi wa kwaya akamhurumia, akaanzisha wimbo. Maman Zawadi akainua mkono wake, kwaya ikanyamaza, na sote tukangoja.